Mdogo wangu anakunywa methadoni, huu mwaka wa tisa. Mnaoiita "unga wa serikali" karibuni tuongee

Binti_Mtongani (mleta uzi)

Wakuu, habari za usiku.

Humu nimekaa miaka mingi kama msomaji tu. Juzi kwenye uzi mwingine mtu kaandika kwamba zile foleni za mateja (waraibu wa unga, yaani heroini) wanaokwenda kunywa methadoni, dawa ya kutibu uraibu huo, hospitalini asubuhi ni kodi zetu zinanunulia watu unga, wenzake wakamgongea dole kwa fujo. Nilishindwa kulala. Mmoja wa wanaosimama kwenye foleni hiyo ni mdogo wangu, tumenyonya ziwa moja. Itakuwa ndefu, mwenye haraka apite.

Dogo (nitamwita hivyo hivyo) alikuwa konda, Mbagala–Kariakoo. Kijana ana mdomo, anaita abiria mpaka mtu wa Gongo la Mboto anajikuta kapanda gari la Mbagala. Mwaka 2010 dereva wake akamwonjesha kokteli. Kwa wasiojua, ni msokoto wa bangi uliochanganywa tumbaku na unga. Hakuambiwa kama kuna unga, au aliambiwa akajifanya hajasikia. Kila mwaka ananisimulia tofauti na mimi nimeacha kuuliza. Kete, kile kifurushi kidogo cha unga, wakati ule ilikuwa bei ya sahani ya wali maharage, ndiyo maana nacheka nikisikia unga ni ugonjwa wa watoto wa matajiri.

Nyumbani tuligundua kwa vitu. Vijiko vya mama vilianza kupungua, tukasingizia watoto wa wapangaji. Zikafuata sufuria, ukafuata mtungi wa gesi. Siku mita ya maji ya jirani ilipong'olewa na fundi chuma chakavu akasema aliyemuuzia, mama aliingia ndani akafunga mlango, hakutoka mpaka magharibi.

Naendelea, nipeni dakika nipange maneno.

Chuma_Reli

Nimetandika mkeka. Endelea dada.

Kibao_Kata

Dada pole, lakini tuseme ukweli, hawa dawa yao ni jela ya Ukonga tu. Mimi nimeng'olewa taa za gari mara tatu. Mtu kaenda mwenyewe kwa miguu yake kununua, leo anaitwa mgonjwa?

Binti_Mtongani

@Kibao_Kata nakuelewa, na mimi nimeibiwa na mtu ninayemfulia nguo. Subiri nifike mwisho, unitukane kwa pamoja.

Familia ikakaa kikao. Mjomba akasema ni mapepo, baba mdogo akasema ni jeuri. Tukakubaliana apelekwe kwa bibi Kisarawe, huko hakuna pusha wa kumuuzia unga. Nilikwenda naye mimi.

Wakuu, msiwahi kuomba kuona arosto, yale maumivu ya mwili ukikosa unga. Tulitoka asubuhi, kufika alasiri anapiga miayo mfululizo, machozi na kamasi zinatiririka kama mtoto mwenye mafua. Usiku ngozi ikasimama kama ya kuku aliyenyonyolewa. Anaharisha, anatapika, miguu inarusha yenyewe, anasema mifupa inachemka. Siku ya pili na ya tatu ndiyo ilikuwa mbaya kabisa, alimwomba bibi amkate mguu kwa panga na alikuwa hatanii. Bibi alikaa naye na ndoo ya uji na kitambaa cha maji, anamsomea Yasini. Kufika siku ya saba akala mihogo, akacheka, akaenda kuoga mtoni.

Tukachinja kuku. Mama akafunga safari kuja kushukuru.

Akarudi Dar. Siku ya tatu tu, kijiwe kile kile, kete ile ile.

Hapo ndipo nilipoanza kuelewa kwamba tulikuwa tumepigana na kitu kingine. Ile arosto tuliyodhani ndiyo ugonjwa ilikuwa ni mlango tu. Akitoka amenenepa, haumwi popote, na bado akipita karibu na stendi anasikia harufu ya kiberiti tumbo linakatika na mikono inatoka jasho. Hayo aliniambia miaka mingi baadaye. Wakati ule mimi nilijua tu kwamba ametudanganya.

Mzee_wa_Tandika

Sisi wa kwetu tulimfunga kamba kwenye mwembe. Siku tisa. Alipofunguliwa alikuwa mzima kabisa, akasali na Ijumaa. Jumatatu tukamkuta Manzese.

Mvita_Mmoja

Dada shikamoo kama wewe ni mkubwa. Mimi ni wa Mombasa, Kisauni, na hadithi ni hiyo hiyo, imebadilika njia tu. Huku tulianza kuona brauni shuga, heroini ya kahawia, miaka ya themanini, wakati huo ni ya kuvuta, watu wa karibu na bandari na mahoteli. Halafu ikaja ile nyeupe, vijana wakaingia kwenye sindano. Mtaani kwetu kuna maskani moja, nikihesabu wenzangu tuliosoma nao chuo cha Qur'ani waliomalizikia pale, vidole vya mikono miwili havitoshi.

Chuma_Reli

Hivi huu unga unalimwa wapi? Maana hapa mashamba sijayaona.

Mpiga_Mbizi

@Chuma_Reli haulimwi huku. Miaka mingi mipopi imekuwa ikilimwa Afghanistan. Mzigo unateremka hadi pwani ya Makran, Iran na Pakistan, unapakiwa kwenye majahazi, unashuka na Bahari ya Hindi mpaka kwetu. Mwingi ulikuwa unapita tu kwenda Ulaya na Afrika Kusini. Lakini mzigo ukipita kwako haukosi kumwagika njiani, kuna wanaolipwa kwa unga badala ya pesa, nao wanauza mtaani.

Aprili 2014 meli ya kivita ya Australia ilikamata jahazi nje ya pwani ya Kenya likiwa na heroini kilo 1,032. Jahazi moja hilo. Na Desemba 2023 Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ilitangaza kukamata kilo 3,182 za heroini na methamfetamini, Dar na Iringa. Gawanya hizo kilo kwa kete uone.

Kibao_Kata

Na mapapa wenyewe, wauzaji wakubwa? Februari 2017 Makonda akiwa Mkuu wa Mkoa wa Dar alisoma majina hadharani, wasanii wakaitwa Sentro, kituo kikuu cha polisi, mji ukatikisika wiki mbili. Leo vijiwe viko wapi? Vile vile.

Mpiga_Mbizi

Mkuu hapo tuko pamoja. Ila uzi huu ni wa dogo wa watu, ya mapapa tuufungulie wake.

Binti_Mtongani

Asante Mpiga_Mbizi.

Basi mwaka 2014 tukasikia habari za soba, nyumba wanakokaa mateja mpaka waache unga. Sitataja jina wala eneo. Ada kila mwezi, mama akauza kipande cha shamba. Tulikatazwa kumtembelea miezi miwili ya mwanzo. Simu tulipewa dakika tano, Dogo anasema "niko poa dada, niko poa dada," sauti imenyooka kama anasoma. Alipotoka baada ya miezi sita nikaona mgongo wake. Walikuwa wanawamwagia maji ya baridi usiku na fimbo juu, wanasema wanatoa shetani wa unga.

Lakini alitoka hana unga mwilini, hilo siwanyimi.

Siku ya nne toka arudi, saa mbili usiku, mpangaji kagonga: "Choo kina mtu hatoki." Tukavunja mlango. Dogo kaegemea ukuta, bomba la sindano liko mkononi, midomo imekuwa ya bluu, anakoroma kwa mbali sana, kama mtu aliye chini ya maji. Ndiyo siku niliyojua kumbe alikuwa ameshahamia kwenye sindano. Majirani wakaanza, mpeni maziwa, mpeni maziwa! Mtu akaleta maziwa tukamlazimisha, yakamwagika kifuani. Boda wawili wakatusaidia, mmoja anaendesha, mimi nimemshikilia katikati kama gunia.

Hospitali walimchoma sindano moja. Dakika chache kafumbua macho, neno la kwanza alilosema ni tusi: nani kanikatia stimu? Daktari akacheka. Mimi nikalia pale pale sakafuni.

Nesi_Usiku

Dada pole sana. Naomba niingilie hapo, maana ni jambo linaloua watu wengi na halisemwi.

Mtu aliyekaa miezi sita bila kutumia, iwe ni soba, jela au kwa bibi, mwili wake unakuwa umesahau ile dozi. Yeye kichwani anakumbuka kiasi alichokuwa anachoma zamani. Anachoma hicho hicho. Heroini inapunguza kasi ya kupumua, akizidisha pumzi inasimama. Kwa hiyo wiki za mwanzo za kutoka ndizo hatari kuliko zote, na ndizo wiki ambazo familia imepumzika, imechinja kuku.

Maziwa hayafanyi chochote. Mtu aliyepoteza fahamu ukimnywesha kitu unamziba, kinaingia kwenye mapafu. Mlaze ubavu, hakikisha njia ya hewa iko wazi, kama hapumui mpulizie, mkimbize hospitali na SEMENI katumia nini. Watu wanakuja wanasema "kaanguka kifafa" kwa aibu, tunapoteza muda. Ile sindano ni naloksoni, inaifukuza heroini pale ilipokaa kwenye ubongo, ndiyo maana anaamka na arosto na matusi. Ila inaisha nguvu mapema kuliko heroini yenyewe, kwa hiyo akiamka msimruhusu aondoke, anaweza kuzama tena njiani.

Kipanga_wa_Unguja

Dada wa Mtongani, pole. Ila soba msizitie zote kapu moja. Huku Zanzibar zilianza mwishoni mwa miaka ya 2000, zinaendeshwa na vijana waliopona wenyewe, na kaka yangu yupo safi kupitia huko. Hakupigwa hata kofi. Nyie mnaompeleka mtu, ingieni ndani kwanza muangalie wanalala vipi, na muulize nani amesomea kazi ile. Wakikukatalia kuingia ujue pana jambo.

Binti_Mtongani

@Kipanga_wa_Unguja nakubali, na hilo la kuingia ndani kwanza ningelijua mama asingeuza shamba lake.

Sasa methadoni. Tuliipata kwa bahati. Kuna asasi ilikuwa inapita vijiweni, vijana wanagawa kondomu na kuongea na mateja. Mmoja wao alikuwa teja zamani, Dogo alimjua, alishawahi kumuibia. Akamwambia twende. Mwanzoni mwa 2016, baada ya vikao na vipimo vya mkojo na damu, akaandikishwa.

Kwa wasiojua, hii huduma ilianza Muhimbili Februari 2011, baadaye Mwananyamala, Temeke, halafu mikoani: Mbeya, Mwanza, Dodoma pale Itega, Tanga, Arusha. Ni bure. Ni maji maji kwenye kikombe kidogo. Unakunywa mbele ya mhudumu, unaongea ili aone umemeza, unasaini, unaondoka. Kesho tena. Jumapili tena. Idd na Krismasi tena. Mvua ya Aprili, barabara ya Jangwani imejaa maji, tena.

Hiyo "tena" ndiyo watu hawaioni. Mnaona foleni mnadhani ni watu wanagawiwa starehe. Mdogo wangu kwa miaka tisa hajaenda msiba wa mbali akalala bila kuomba karatasi. Hajaenda kumzika mjomba Kigoma. Amekaa kazi mbili akafukuzwa kwa sababu bosi hataki mtu anayeingia saa tatu.

Kibao_Kata

Sasa dada si ndiyo nilichosema? Katoka kwenye unga kaingia kwenye kikombe. Ni teja bado, kabadilisha pusha tu.

Nesi_Usiku

@Kibao_Kata swali lako ni la haki, wengi wanauliza hivyo, hata madaktari wengine. Tofauti iko kwenye saa. Heroini inapanda kwa dakika, inashuka, baada ya saa sita mpaka kumi na mbili arosto imeanza, kwa hiyo mtu anaishi siku nzima anatafuta. Anaamka kuiba, anachoma, analala, anaamka kuiba. Methadoni inapanda polepole, inakaa siku nzima na zaidi. Dozi ikiwa sawa hapati stimu na hapati arosto. Anabaki na masaa ishirini na nne ya kufanya mambo mengine. Utegemezi upo, hatufichi. Mwenye kisukari naye anategemea sindano yake.

Na si hilo tu. Tafiti kadhaa za miaka ya nyuma zilizofanyika Dar zilikuta takriban theluthi moja ya wanaojidunga wana VVU, wakati mwingine zaidi, na kwa wanawake hali ilikuwa mbaya zaidi. Wanashirikiana mabomba. Mwaka 2005 watafiti waliandika kuhusu wanawake wa hapa hapa Dar waliokuwa wakipeana damu kwenye bomba, aliyechoma anamvutia mwenzake asiye na hela, wakiamini damu ile ina unga ndani yake. Hakukuwa na unga wa maana mle, kulikuwa na virusi na homa ya ini. Walifanya kwa huruma, wakuu. Mtu anamsaidia mwenzake aliye arosto. Akija kunywa kikombe kila siku, tunampima, ana VVU anaanzishwa ARV, ana TB anatibiwa hapo hapo.

Binti_Mtongani

Hapo kwenye TB niongeze. 2018 Dogo alipata TB. Akaanza dawa, wiki ya pili kaanza miayo na kamasi. Mimi nikajua keshaanza tena. Nikampekua mifuko, nikamtukana matusi ambayo sitayarudia hapa. Alikuwa anaapa. Kumbe ile dawa ya TB, rifampisini, inaifanya methadoni iishe haraka mwilini. Walipandisha dozi akatulia.

Sijamwomba radhi mpaka leo. Nimeandika hapa kabla ya kumwambia yeye.

Mama_Pili

Dada umeniliza.

Konda_Mstaafu

Mimi ni mmoja wao, niko kikombe mwaka wa tano. Niwaambie kitu dada hajasema. Kuna wenzetu wanakunywa methadoni asubuhi, mchana wanaongeza valiamu, vile vidonge vya kutuliza, au pombe ili wapate ile stimu ya zamani. Tumezika watatu namna hiyo. Methadoni peke yake inakubeba, ukiichanganya na valiamu inakuua usingizini, huoni hata shida. Kama una ndugu kikombeni angalia vidonge, si harufu.

Jingine, kinachotuangusha wengi ni mchana. Umeshakunywa, saa tatu asubuhi, huna kazi, rafiki zako wote wako kijiweni. Utakaa wapi? Mimi nilikuwa nazunguka na Mwendokasi mpaka jioni nisipite stendi.

Chuma_Reli

@Konda_Mstaafu heshima yako kaka.

Mvita_Mmoja

Kwetu methadoni ilikuja nyuma yenu kidogo. Nairobi, hospitali ya Mathari, mwisho wa 2014, halafu Malindi na Mombasa 2015. Mwanzoni maimamu wengine walisema ni haramu kama unga. Baadaye wakaanza kuona vijana wanarudi msikitini, wakanyamaza. Mmoja sasa ndiye anawasindikiza.

Kibao_Kata

Sawa. Sijakubali yote, lakini hilo la saa limeniingia. Dada, alirudia baada ya kuanza kikombe au alinyooka moja kwa moja?

Binti_Mtongani

Alirudia mara mbili. Ya kwanza miezi minne baada ya kuanza, dozi ilikuwa bado ndogo, haimfikishi asubuhi. Ya pili 2020 alipokufa mama. Alipotea siku kumi na moja. Nikamtafuta mpaka chini ya daraja, nikamkuta anasinzia kasimama. Kituoni hawakumfukuza. Ukikosa siku nyingi huwezi kurudia dozi ile ile, walimwanzisha chini, wakapandisha taratibu kama mtu mpya. Mhudumu hakumuuliza ulikuwa wapi. Alimuuliza, umekula?

Kama ingekuwa ni sisi familia tungeshamtimua toka mara ya kwanza. Tulimtimua kweli, mara tatu.

Mama_Pili

Dada samahani, naona aibu kuuliza hadharani. Nina mtoto miaka ishirini na mbili, nimekuta foili zilizoungua kwenye begi lake, vijiko vimepungua. Yuko chuo. Nianzie wapi? Baba yake hajui.

Nesi_Usiku

Mama, usimfungie na usimpige. Piga 119, ni namba ya bure ya Mamlaka ya Kudhibiti Dawa za Kulevya, uliza kituo kilicho karibu na wewe. Kama bado anavuta na hajafika mbali anaweza asihitaji kikombe, wataalamu watampima waamue. Ongea naye asubuhi akiwa ametulia, si usiku. Nimekutumia ujumbe binafsi.

Binti_Mtongani

@Mama_Pili na mimi nimekutumia. Ukitaka twende wote, mimi Jumamosi nipo.

Chuma_Reli

Dada na Dogo sasa hivi yukoje? Anafanya nini?

Binti_Mtongani

Anatengeneza feni na pasi, ana kibanda mbele ya nyumba. Dozi wanaishusha, taratibu sana, amesema hataki haraka. Meno ya mbele hana, anaongea ameziba mdomo kwa mkono. Ana mtoto wa miaka mitatu ambaye anadhani baba kila asubuhi anakwenda kuswali.

Chumba changu bado nafunga kwa kufuli nikitoka. Anajua. Hatujawahi kuliongelea. Wiki iliyopita lile kufuli lilikwama, funguo ikakatikia ndani, mimi niko kazini. Yeye ndiye aliyelikata na msumeno, akaenda dukani akanunua jipya kwa hela yake, akafunga mlango. Niliporudi alikuwa kibandani anachomelea waya, akanipa funguo zote tatu bado ziko kwenye kile kiwaya cha dukani, akaendelea na kazi yake.